Mhogo Uliochanjwa

Jirani aliyeitwa Mama Pacha hakuwa mtu wa kuombaomba, ndiyo maana siku aliyokuja kuomba alianza kwa kuzunguka. Alisifia milango miwili iliyoegemezwa ukutani ikisubiri vanishi, akauliza hali ya mgongo wa seremala, akalilalamikia jua. Mwenye nyumba, mke wa seremala, aliendelea kumenya mihogo yake na kumwacha azunguke. Watu walimwita Taratibu, kwa jinsi alivyosema kila neno kama mtu anayelipima kwanza kiganjani. Alijua jirani yake anaelekea wapi, na hakuwa na haraka ya kufika naye huko.

"Myeupe kweli mihogo yenu," Mama Pacha alisema mwishowe, akiangalia ndani ya beseni.

"Tunashukuru."

"Wangu nimechimba leo. Shina limesimama wima, majani mabichi, ukiutazama unasema hapa pana chakula. Kuukata, ndani kahawia tupu, kama mbao iliyoliwa na mchwa. Nimechimba mstari mzima, jirani. Nimepata wa kufunika chini ya sufuria, tena kwa kukatakata na kutupa."

Taratibu aliacha kumenya. Michirizi, kama walivyouita ugonjwa ule, ilikuwa imeingia karibu kila shamba. Haikuonekana juu. Mtu alilima, akapalilia, akasubiri mwaka mzima, kisha akachimbua uozo.

"Mkivuna," Mama Pacha aliendelea, "mashina yanakwenda wapi?"

"Kampuni inachukua inayoyataka. Yanayobaki yanachomwa."

"Yanachomwa yote?"

"Yote."

"Basi kabla hayajachomwa," alisema, na hapo ndipo gunia alilokuwa amelikunja kwapani lilipoonekana, "naomba nipite."

Taratibu aliangalia gunia, akaangalia mikono yake iliyojaa utomvu wa maganda. "Siruhusiwi, jirani. Mizizi ni yetu, shina ni la kampuni. Mume wangu ametia sahihi, na aliyetuletea ni shemeji yangu. Wana karatasi ya serikali inaitwa hataza, inasema mmea ule ni mali yao."

"Hatari?"

"Hataza."

"Ni yale yale," Mama Pacha alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha kukwepana macho. Kisha akalikunja upya gunia lake, polepole, kona kwa kona, kama mtu anayekunja shuka. "Haya. Sikulaumu."

Angelaumu ingekuwa afadhali.

*

Mihogo ile ililetwa na mdogo wake seremala, aliyekuwa bwana shamba wa kampuni ya mbegu na aliyejulikana kwa cheo hicho hata nyumbani. Ilipoletwa, hakuna aliyeitaka. Bwana Shamba alieleza mpaka sauti ikamkauka kwamba wataalamu wamechukua chembe ya ugonjwa wenyewe, wakaitia ndani kabisa ya mmea, kwenye vinasaba vyake, ili mmea umjue adui kabla hajafika. Ni kama chanjo ya mtoto, alisema. Tangu siku hiyo ukaitwa mhogo uliochanjwa, na masihara hayakuisha. Wapo walioapa kwamba ukiula utazaa watoto wenye magome. Seremala aliukubali kwa sababu ya ndugu yake, na kwa sababu kampuni ilimpa pia kazi ya kutengeneza makreti ya miche, kazi iliyomwezesha kununua randa ya umeme ya kulainishia mbao, aliyoitamani tangu ujana wake.

Walikula mihogo ile na hawakuota magome. Na michirizi ilipoingia, shamba lao peke yake ndilo lililosimama, na masihara yakafa yenyewe.

Lakini mhogo haupandwi kwa mbegu wala kwa mzizi. Unapandwa kwa shina, kipande chenye macho. Mwenye shina ndiye mwenye shamba la kesho. Na kwa kadiri yeyote alivyoweza kukumbuka, hakuna mtu aliyewahi kumnyima jirani yake kijiti cha mhogo. Mtu alipita, akakata, akasema asante akiwa tayari njiani.

Siku chache baada ya gunia lile, Taratibu alikwenda kwenye mashine ya kusaga. Alikuta foleni fupi. Wengi hawakuwa na cha kusaga. Aliposogea karibu, akamwona Mama Pacha ameinama nyuma ya mashine, anafagia kwa mkono unga uliomwagika sakafuni na kuuzoa kwenye kibakuli.

"Wa kuku huu," Mama Pacha alisema alipoinuka na kuwaona watu. "Mwenye mashine kaniruhusu."

Mwenye mashine alitazama pembeni, akajishughulisha na mkanda wa mota. Wote pale walijua kwamba Mama Pacha aliuza kuku wake wote zamani, jogoo na vifaranga. Mtu mmoja alikohoa. Mama Pacha alipita mbele ya Taratibu, akamsalimia vizuri, akaondoka na kibakuli chake akikishika kwa mikono miwili.

Taratibu alisagiwa unga wake, akaubeba hadi nyumbani. Alipoulizwa na mumewe kwa nini amenuna, alisema hajanuna, anafikiri.

"Ni yale yale," seremala alisema, "ila ukifikiri unachelewa zaidi kupika."

*

Bwana Shamba alikuja Jumapili, na pikipiki ya kampuni, kuwaarifu kwamba lori la mavuno litafika karibuni. Alikuwa kijana nadhifu, aliyepiga pasi hata nguo za shambani. Walikula sebuleni, milango isiyouzwa ikiwa imewazunguka. Taratibu alingoja mpaka shemeji yake anawe mikono.

"Shemeji, mashina yatakayobaki safari hii sitaki yachomwe. Nataka kuwapa watu."

Bwana Shamba alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama sahani.

"Shemeji," alisema kwa upole, "ukitoa hata kijiti kimoja, atakayemwaga unga ni mimi. Si wewe wala kaka. Mimi ndiye niliyewadhamini."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe kwanza. Sitaki kukuibia."

"Mke wangu mjamzito. Nyumba yangu haijaezekwa. Na tuseme ukweli, hawa watu si majambazi. Michirizi ilipoanza, nani mwingine alikuja? Tulikuwa tunang'oa na kuchoma, tunang'oa na kuchoma. Wamefanya kazi, wametumia pesa, wanataka irudi. Kuna ubaya gani?"

"Sijasema kuna ubaya."

"Sasa?"

"Nimesema watu wana njaa na sisi tunachoma dawa yake."

Taratibu akamgeukia mumewe. "Baba watoto, wewe unasemaje?"

"Nasema chai inapoa."

"Hilo si jibu."

Seremala alifuta midomo. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulipomwishia alionekana amezeeka ghafla. "Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Wewe ni mke wangu. Mkitaka kunigawa, kubalianeni nani achukue upande wenye mkono wa nyundo, maana upande ule mwingine hauna faida."

Hakuna aliyecheka. Bwana Shamba alisimama, akachukua kofia yake ya pikipiki. "Shemeji, kama una neno, kamwambie daktari mwenyewe. Yule mama aliyeutengeneza. Mimi ni mtumwa tu pale."

Aliyasema hayo ili apate kuondoka kwa amani. Taratibu aliyapokea kama yalivyosemwa.

"Anapatikana siku gani?" akauliza.

*

Kituo cha utafiti kilikuwa na ukuta mrefu na geti la chuma. Mlinzi aliwaamuru Taratibu na mumewe wavue viatu, akavipulizia dawa soli, kisha akawapulizia na nyayo, mmoja baada ya mwingine, kama anayenyunyizia ng'ombe. Akauliza shida yao. Taratibu akasema wamekuja kuzungumza na daktari kuhusu mhogo. Mlinzi akaandika kwamba wamekuja kuomba kibarua, kwa kuwa hiyo ndiyo shida pekee aliyoizoea kwa watu wa sura yao.

Waliketi kwenye benchi. Watu wenye makoti meupe walipita wakienda kula, wakapita tena wakirudi. Mmoja alimwomba seremala asogeze miguu. Seremala alisogeza, akaiweka chini ya benchi, akakaa hivyo mpaka ikafa ganzi.

Hatimaye daktari alitoka mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani imeinuliwa juu ya paji. Aliposikia wamengoja tangu asubuhi alitahayari waziwazi, akamtazama mlinzi kwa jicho ambalo mlinzi hakulipenda. Aliwachukua hadi chumba cha vioo, ambako rafu zilijaa chupa ndogo, na ndani ya kila chupa umesimama mche wa mhogo usiozidi kidole, majani yake kama kucha za mtoto mchanga.

Taratibu alisahau alichokuja kusema. Alisogea karibu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada.

"Wote hawa umewalea wewe?" aliuliza.

"Na wenzangu. Walioishi ndio hawa. Waliokufa hawahesabiki." Daktari alitabasamu. "Nilianza kazi hii sina mvi hata moja."

"Mhogo wako ni mzuri, daktari. Tumekula. Nimekuja kwanza kukushukuru. Hakuna aliyekuja kukushukuru?"

Daktari alifikiri. "Hapana," akasema. "Kwa kweli hapana."

Basi Taratibu akashukuru, kwa maneno kamili, bila haraka, kisha ndipo akaeleza: michirizi, mashamba, mashina yanayochomwa, jirani anayefagia unga. Hakumtaja kwa jina lake. Daktari alisikiliza bila kumkatiza.

"Sikatai kwa roho mbaya," alisema daktari. "Ugonjwa hausimami, mama. Leo tumeufungia mlango, kesho utatafuta dirisha. Kazi ya kuuziba tena italipwa na nani, kama kila mtu atauchukua mhogo huu bure?"

"Fundi lazima alipwe, hilo silipingi. Mume wangu huyu akiuza mlango, analipwa mlango wake. Lakini harudi kila mwaka kudai pesa ya kuufungua na kuufunga."

"Mlango hauzai milango," daktari alisema.

Seremala alicheka kabla hajajizuia. Taratibu naye alikubali kwa kichwa. "Hapo umenishika."

"Ndiyo maana ya ile hataza. Kitu kinachojizalia chenyewe, ukikiuza mara moja umekiuza milele."

Taratibu aliziangalia tena chupa. "Na huko kuzaa kwake, daktari, mlikutia ninyi?"

Daktari aliishusha miwani, akaifuta kwa pindo la koti ingawa haikuwa chafu. "Hapana," alisema. "Tulikukuta."

Nje ya kioo mtu alipita akisukuma toroli. Daktari alingoja apite.

"Nitakwambia jambo. Mama yangu mzazi ni mkulima. Mihogo yake imeoza kama ya jirani yako. Mimi ndiye niliyeutengeneza mhogo huu, na siruhusiwi kumpelekea hata kipande. Niliutengeneza, lakini si wangu. Ni wa kampuni."

"Akikuuliza unamwambiaje?"

"Namtumia pesa ya unga, na kubadilisha mazungumzo."

Wanawake wale wawili walitazamana, na seremala, aliyekuwa kati yao, aliona afadhali atazame sakafu.

"Nimekwishawaandikia wakubwa kuomba ruhusa kwa ajili ya watu wasio na uwezo," daktari alisema. "Nitaandika tena."

"Watajibu kabla ya mavuno?"

"Sidhani."

"Basi mimi sikuja kuomba, nimekuja kuaga," Taratibu alisema. "Nitayatoa. Nimeona si adabu kugawa kazi ya mikono yako bila kukwambia usoni."

"Mama, usiniambie hivyo. Ukishaniambia, nina wajibu wa kutoa taarifa."

"Toa. Ila jina liwe langu. Si la shemeji yangu, wala la huyu."

Walipofika getini, mlinzi aliuliza kama wamepata kibarua. Seremala akamwambia wamepata, tena kizito.

*

Siku ya mavuno lori lilikuja na wingu la vumbi nyuma yake. Vibarua walichimba tangu alfajiri, na mizizi ikapangwa kando, minene, mizima, kiasi cha watu wa ng'ambo ya uzio kuitazama kama watazamavyo arusi wasiyoalikwa. Mashina mazuri kuliko yote yalipakiwa kwenye lori. Yaliyobaki yalirundikwa katikati ya shamba, rundo la kumfika mtu kifuani. Bwana Shamba alishuka na galoni ya mafuta ya taa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

Taratibu alitoka nyumbani amebeba kigoda. Hakukimbia wala kupaza sauti. Alikiweka mbele ya rundo, akaketi, akakunja miguu vizuri chini ya nguo yake.

"Mafuta yamepanda bei, shemeji," alisema. "Usiyamwage."

"Shemeji, nakuomba. Dereva anaona."

"Aone. Nilikwishawaambia nyote." Kisha akawageukia watu wa uzioni. "Jirani, ingia."

Mama Pacha hakusogea. "Sitaki ufungwe kwa sababu yangu," alisema.

"Nikifungwa utaniletea chakula. Na chakula chenyewe ndicho hiki, kwa hiyo ingia."

Mtu mmoja alicheka, wa pili akacheka, na kicheko kile ndicho kilichofungua njia. Mama Pacha aliingia wa kwanza, nyuma yake wengine, kwa mstari, bila kusukumana, kama walioambiwa wajipange ingawa hakuna aliyewaambia. Kila mmoja alichukua fungu lake. Wenye mapanga wakaanza kukata pale pale, kwa papara, wakipasua maganda na kuponda macho ya mashina.

Mlio wa mashine uliokuwa ukisikika karakanani ulikatika. Seremala alitoka, vumbi la mbao nywele nzima, ameshika msumeno wake. Alimpita ndugu yake. Akaketi chini karibu na mkewe, akalaza shina juu ya goti, akaanza kulikata kwa msumeno, kipande baada ya kipande, safi kabisa, na kuwapa watu waliomzunguka. Hakumtazama mkewe. Lakini bega lake lilikuwa limegusa kigoda, na akaliacha hapo.

Bwana Shamba alisimama na galoni yake. Alionekana kama mtu anayesoma saa ya mbali. Aliijua kazi ile ya kukata mashina kuliko alivyojua kitu kingine chochote, na mbele yake watu walikuwa wakiiharibu kwa mapanga. Aliweka galoni chini. Akaenda kwenye lori.

"Nenda," alimwambia dereva. "Waeleze ulichokiona. Usipunguze, usiongeze."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja kwa miguu."

Dereva aliwasha gari, akaenda hatua chache, akasimama. Akateremsha kioo. Alikuwa mtu mzima mwenye sharubu, ambaye siku zote hakuzungumza na mtu. "Na sisi kwetu wanalima," alisema, akitazama usukani. "Nipeni kidogo, nitaweka chini ya kiti."

Walimpa. Huko kituoni, kama ilivyojulikana baadaye, dereva alieleza kila kitu kwa uaminifu mkubwa isipokuwa kilichokuwa chini ya kiti.

Bwana Shamba alirudi kwenye rundo, akakunja mikono ya shati. "Msikate mafupi hivyo," alisema. "Na hilo panga liwekeni, linaponda. Kila kipande kibaki na macho ya kutosha. Mkipanda, macho yatazame juu. Mnanisikia? Juu."

Shemeji yake alimpisha nafasi kwenye kigoda. Hakukaa.

*

Kampuni haikuchelewa. Wakaitwa kwenye ofisi ya serikali ya eneo, chumba chenye meza ndefu na viti visivyotosha, kiasi kwamba wenye kesi walisimama na wenye kampuni wakakaa. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Alitaka mimea yote ing'olewe na nyumba ya seremala ilipe fidia. Akamwita daktari athibitishe kwamba mhogo ule ni uvumbuzi, kazi ya akili na mikono ya watu wa kampuni.

"Ni kweli," daktari alisema. "Kinga tuliyoitia ni kazi yetu, na naionea fahari. Lakini tuliitia kwenye mhogo, na mhogo huo sikuutengeneza mimi. Nilikuja kuutafuta huku huku, nikiwa mwanafunzi. Nilipita shamba kwa shamba. Nilipewa mashina mzigo mzima, nikasaidiwa na kuubeba. Hakuna aliyeniuliza nakwenda kuyafanyia nini."

Wakili alisema hilo halihusiani na kesi. Daktari akasema huenda, ila ameulizwa chanzo cha mmea, naye ameapa kusema kweli. Akarudi kukaa, na aliyekaa kiti cha jirani akavuta kiti chake mbali kidogo.

Walizungumza mpaka jua likahama dirisha. Kampuni haikupenda mambo yale yafike magazetini, na afisa wa serikali hakupenda kuamuru watu wenye njaa wang'oe chakula. Mwishowe wakapatana. Watu wa pale wangepanda mhogo ule kwa kula nyumbani, si kwa biashara. Bwana Shamba alifukuzwa kazi. Makreti yangetengenezwa na fundi mwingine. Nyumba ya seremala ingelipa fidia, na ili iwe fundisho kwa wengine, nyumba ile peke yake isingepanda tena mhogo uliochanjwa, si kwa kula wala kwa kuuza.

Afisa alimuuliza Taratibu kama ameelewa na anakubali.

"Wengine wote watapanda?"

"Wote."

"Bila kusumbuliwa?"

"Bila kusumbuliwa."

"Basi andikeni, nimekubali."

Seremala aliinamia sikio lake. "Hapo umeuza randa yangu," alinong'ona.

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo. "Haya," akasema.

*

Randa iliuzwa kwa fundi wa mjini, aliyekuja akaitia kasoro mpaka bei ikaporomoka, kisha akaondoka nayo akipiga mluzi. Seremala alirudia randa ya mkono. Milango ilichukua muda mrefu zaidi, na mgongo wake ukaanza kumwambia habari za mvua kabla ya mawingu. Alipoulizwa na wateja, alisema mashine ilikuwa na kelele, sasa angalau anamsikia mkewe akifikiri.

Mke wa Bwana Shamba alijifungua mtoto wa kike ndani ya nyumba ambayo nusu yake ilikuwa imeezekwa kwa turubai. Hakumsamehe Taratibu, na hakuficha. Taratibu alikwenda kumfulia nguo za mtoto. Alizipokea zikiwa chafu mlangoni, akazirudisha safi mlangoni, bila kukaribishwa ndani. Watu walimwambia aache, amejidhalilisha ya kutosha. Alisema nguo za mtoto mchanga hazingoji watu wazima wapatane. Akaendelea kwenda.

Bwana Shamba mwenyewe hakurudi kwenye kazi ya kuajiriwa. Alipita mashambani kwa miguu, akiwaelekeza watu nafasi ya mistari na namna ya kuing'amua michirizi mapema. Waliokuwa na kitu walimpa, wasio nacho walimkaribisha chakula. Siku moja seremala alimkuta amevaa shati lenye makunyanzi, akamtania kwamba sasa amekuwa mkulima wa kweli. Alitabasamu, akainyoosha kola kwa kiganja, na kaka yake hakulirudia tena neno lile.

Shamba la Taratibu lilipandwa maharage. Pande zake zote mihogo ya watu ilipanda juu ikalizunguka, ikalitia kivuli asubuhi na jioni. Wapita njia waliliita shamba la adhabu. Taratibu alilipalilia vizuri kuliko walivyopalilia wao.

Mihogo ilipokomaa, Mama Pacha alichimba kabla ya mtu mwingine yeyote, na kabla hajaonja akauleta mhogo wa kwanza kwa seremala. Ulikuwa mkubwa, aliubeba kama anavyobebwa mtoto. Kwenye kichwa cha mhogo alikuwa ameacha kipande cha shina, kibichi, chenye macho mawili.

"Nimesahau kukikata," alisema, na uso wake haukuwa wa mtu aliyesahau. Kisha akashusha sauti. "Kifukie nyuma ya karakana. Nani atajua? Walikuonea, jirani, kila mtu anajua walikuonea."

"Walinionea," Taratibu alisema. "Lakini nilikubali."

"Ulikubali kwa ajili yetu."

"Ndiyo. Sasa nikivunja, wakija kuvunja upande wao nitasimama wapi?"

Alichukua kisu. Akakata kile kipande cha shina, kwa uangalifu, asiyaguse macho yake, akakiweka mkononi mwa Mama Pacha. Mhogo akaupokea kwa mikono miwili na kushukuru, akaupeleka jikoni, na wakaketi kuumenya pamoja.

Mama Pacha alipoondoka alikuwa amekifunga kile kijiti kwenye pindo la nguo yake. Hakukipeleka ndani ya shamba lake. Alichimba mahali pake peke yake, pembezoni kabisa, hatua moja ndani ya mpaka wake, mkabala na mlango wa seremala. Akakipanda macho yakitazama juu, akaukandamiza udongo kwa kisigino. Huko ndiko kilikochipua, upande wa jirani, karibu kiasi kwamba Taratibu akifungua mlango asubuhi kilikuwa kitu cha kwanza anachokiona.